Pini ya Mwenyekiti

"Tumsifu Yesu Kristo, mtaalamu. Naona mwenyekiti wetu umemsulubisha."

Katibu wa kamati ya jubilei ya parokia aliyasema hayo Jumapili, kwaya nzima ikisikia, huku amelifunua katikati jarida la jubilei nililowapangia. Pini ya juu ya stepla imemshukia mwenyekiti pichani kutoka kipajini hadi mdomoni, ncha zake mbili zikakutana puani. Sopurano wa kwanza alicheka kwa sauti ileile aliyoimbia Gloria.

Mimi picha ile nilikuwa nimeiweka ukurasa wa 5, peke yake, watu wote wakiwa wazima. Kamati ikaamuru ihamie katikati, itambae kurasa mbili, mwenyekiti akae kati kwa kuwa ndiye mwenyekiti. Nikawaeleza habari za mkunjo. Wakaniambia nichape kazi.

Na mkunjo una mambo yake! Karatasi moja ya A4 ukiikunja unapata kurasa nne, ndiyo maana jarida la aina hii huwa na kurasa 8, 12 au 16, kamwe si 14. Katika kurasa 16, ukurasa wa 2 huchapwa ubavuni mwa wa 15, wa 4 ubavuni mwa wa 13. Jumlisha jozi yoyote, jibu ni 17. Majirani wa kweli, wanaosomwa pamoja na kuchapwa pamoja upande mmoja wa karatasi, ni wa 8 na wa 9 tu. Hapo picha haikatiki hata kidogo. Raha tupu! Ila hapohapo ndipo stepla inapopiga.

Tena picha yenyewe ilikuja kwa WhatsApp, imebanwa hadi pikseli 1600 kwa upana. Chapa safi hutaka pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo ilitosha inchi tano na ushee. Wao wakataka karibu 12. Waumini wa mstari wa nyuma wamegeuka ukungu.



Mpishi wa jubilei alilipwa kabla hajawasha moto. Mwenye turubai pia. Mimi nilipewa nusu, maana "kazi yenyewe si kupangapanga picha tu?" Leo mhazini ameandika: nimtumie faili halisi, kijana wake ana kompyuta, atamsogeza mwenyekiti mwenyewe. Kuhusu ile nusu nyingine, kimya.