Jinsi ya Kuonja Uzuri wa Kutu Ukambani

Kwanza, jifunze subira. Kutu huzaliwa chuma kinapokutana na hewa na maji, na huku Kitui na Makueni maji yenyewe ni ya kutafutwa kwa punda. Mombasa chumvi ya bahari hutafuna bati haraka. Bati la Mutomo huzeeka kwa heshima. Kwa hiyo ukikuta paa jekundu huku, livulie kofia: limepata mvua ambayo mahindi hayakuiona. Mwenye haraka na ajaze tangi la chuma maji ya kisima. Visima vingi huku ni vya chumvi, nayo kazi hiyo huiweza vizuri.

Pili, chagua malighafi. Reli ya zamani inayopita Makindu na Sultan Hamud, mji uliopewa jina la Sultani wa Zanzibar, inavutia sana, lakini itazame tu. Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu hadi Mei. Ukikamatwa na kipande cha reli kwapani, usimwambie hakimu kwamba wewe ni msanii.

Salama zaidi ni plau ya susu, yaani nyanya yako, ile iliyolala nyuma ya ghala. Chuchumaa. Tazama rangi inavyotoka chungwa kwenda kahawia hadi kufikia ile ya udongo wa shamba lenyewe, na ulimi ulivyolika kwa mawe ukawa kama kijiko. Guna kidogo, kama wafanyavyo watu wa maonyesho. Susu atakuuliza, "Unanunua kwa kilo?" Usimweleze habari za sanaa, maana atakueleza yeye: ulimi huo fundi ataukata majembe mawili, na kipande kitakachobaki kitakuwa komeo la zizi. Hapo utakumbuka kuwa wahunzi wa Kikamba walisifika zamani kwa mikufu myembamba ya waya, na kwamba Kioko Mwitiki alijenga jina lake kwa kuchomelea vyuma chakavu hadi vikawa ndovu. Wewe mpaka sasa umeguna tu.

Mwisho, kabla hujagusa chochote, pita zahanati udungwe sindano ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa udongoni, si kwenye kutu, lakini msumari haujali tofauti hiyo.