Damu Yangu Imekwama Mwisho wa Reli

Mwezi uliopita nilipanda kwa miguu kutoka stesheni ya Kigoma hadi Mwanga. Sikupanda kwa hiari. Mfukoni nilikuwa na noti moja tu ya elfu kumi, na kila bodaboda niliyemsimamisha alidai hana chenji. Nikasema basi, mlima huu nilikuwa naupanda nikiwa na miaka 12, huku naguguna embe. Nilichosahau ni kwamba wakati ule sikuwa na kitambi cha kubeba.

Nusu ya barabara ya Lumumba, chini ya miembe ile, moyo ukaanza kunidundia masikioni kama ngoma ya harusi ya nyumba ya pili. Nikaegemea shina, nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Simu yenyewe ilikuwa imezima chaji. Ndipo akanipita mama mmoja anatoka Kibirizi, beseni la dagaa kichwani, khanga kiunoni, ananizidi umri kwa miaka kumi hivi.

"Pole, mwanangu," akasema bila kupunguza mwendo. "Unaumwa?"

Mwanangu! Mimi mwenye wajukuu wawili.

Kesho yake nikaenda zahanati. Muuguzi akanifunga ule mkanda wa presha, ukavimba, ukanibana mkono kama mtu anayenidai. "Mzee wangu, presha inaanza kupanda. Fanya mazoezi, na mawese upunguze." Mawese! Sasa migebuka niiunge kwa nini, kwa maji ya ziwa?

Nyumbani nina binti yuko kidato cha tatu, na tangu waanze kusoma habari za moyo amejipa udaktari bingwa. Akanikunjia ngumi: "Baba, moyo wako una ukubwa kama huu." Kitu cha ukubwa huo, anasema, kinasukuma kama lita tano za damu kila dakika ukiwa umekaa tu. Yaani galoni ndogo ya mawese, kila dakika, usiku na mchana. Na damu yote mwilini ni lita tano hizo hizo, kwa hiyo kila dakika moja hivi inakuwa imeshazunguka mwili mzima. Ukipanda mlima, miguu inadai galoni tatu, hata nne. Moyo uliozoea kazi unaongeza mzigo katika kila pigo. Moyo uliozoea kiti, ujanja wake mkubwa ni kukimbia. Ndiyo ile ngoma ya harusi.

"Lakini kazi kubwa, Baba, ni damu kurudi."

Hapo nilimwelewa upesi, maana mimi ni mtu wa mwisho wa reli. Tangu reli ya kati ifike hapa mwaka 1914 tunajua tofauti ya kufika na kurudi. Moyo wangu ni Dar es Salaam, nyayo zangu ndiyo Kigoma. Damu ikitoka kule inasukumwa kwa nguvu, inafika. Kurudi ni kupanda, na nguvu ile imeshapungua njiani. Kumbe injini ya kurudishia iko kwenye mashavu ya miguu: kila unapokanyaga, misuli inakamua mishipa, damu inapanda kidogo, na ndani ya mishipa mna vali, vijilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ikishapita hairudi chini. Sasa mtu anayekaa kibarazani kutwa akicheza bao, injini ataitoa wapi? Jioni viatu vinanibana. Nilikuwa namlaumu fundi viatu bure.

Kukaa ndilo kosa la kwanza. La pili, siku ile nilikuwa nimetoka kula ugali wa muhogo kwa dagaa, na sahani niliiacha inang'aa. Mwilini nako kuna mgawo, sawasawa na wa umeme. Ukiwa umetulia, misuli inapata kama sehemu moja ya tano ya damu yote. Ukijitutumua inaweza kuchukua hadi nne. Tumbo na figo zinakatiwa. Ubongo tu haukatiwi, kama mtaa wa wakubwa. Tumbo langu, likiwa na ugali ule ndani, halikukubali kukatiwa.

Na hata kusimama nilikosea. Ukisimama ghafla, injini ya miguuni inazimika huku mishipa yake bado imetanuka, damu inatuama chini, kichwa kinazunguka. Ilitakiwa nijikongoje polepole. Mlimani nimekosa kupanda, nimekosa kula, nimekosa mpaka kupumzika.

Jumamosi yule mama akaja mlangoni kwetu kuuza dagaa. Binti akamshika kifundo cha mkono, akahesabu: mapigo 62 kwa dakika, na ametoka kutembea. Akanishika mimi, ambaye tangu asubuhi sijanyanyuka: 88. Nilipiga hesabu usiku. Kwa mwendo huo moyo wangu unaupita wake kwa mapigo zaidi ya 37,000 kwa siku, na haujabeba hata dagaa mmoja. Mama akacheka sana. Bei hakupunguza.

Moyo wa mama yule mbeba beseni ukanikumbusha Ujiji. Pale wageni hupelekwa kwenye mnara wa Livingstone, wakaelezwa Stanley alivyomkuta mwaka 1871, na kwamba alipofariki mwaka 1873 kule Chitambo, Zambia ya leo, moyo wake ulizikwa chini ya mti. Moyo wa aliyebebwa tunajua ulipo. Watumishi wake, Susi, Chuma na wenzao, waliubeba mwili hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu, na sijasikia mtu akiuliza habari za mioyo yao. Ile ndiyo mioyo ya kujengewa mnara.

Basi natembea. Wiki ya tatu sasa, alfajiri, kabla ya chai. Mapigo yameshuka hadi 84. Mawese nimepunguza, ingawa mke wangu anasema hajaona. Na ninyi vijana wa bodaboda wa stesheni, ambao siku hizi chenji mnazo tele, mkinikuta chini ya mwembe nimejishika kifundo cha mkono, tafadhali msinipigie honi. Mnanipotezea hesabu.