Mjuaji Mezani Kyoto

Watu wengi huamini kwamba msafiri anayeingia kwa mara ya kwanza katika mgahawa wa jadi wa Kijapani huaibishwa na vijiti. Mimi sikubali. Vijiti vinasingiziwa tu. Mgeni anayedondosha kipande cha samaki mara tatu kabla hakijafika mdomoni hamkeri mtu. Wenyeji wanajua hakuzaliwa navyo, na mhudumu mwenye huruma humletea uma bila kuombwa. Aibu yenyewe humkuta kwingine kabisa, pale anapojiona mwenyeji. Kinachomponza ni ujuaji.

Mchukue mtu wa pwani yetu, umpeleke Kyoto kula kaiseki, ule mlo wa vyakula vidogo vidogo vinavyoletwa kimoja kimoja, wenye asili katika karamu za chai za zama za Sen no Rikyu, bingwa wa chai aliyefariki mwaka 1591. Ataingia kwa kujiamini, na ana haki. Kuvua viatu mlangoni amekuzwa nako. Kukaa chini mkekani ndiyo desturi ya kwao. Kunawa kabla ya kula, usimfundishe. Basi anavua viatu, anapewa ndara, anakatiza nazo ukumbini kwa madaha na kupanda nazo moja kwa moja juu ya tatami. Ameharibu. Tatami hufumwa kwa nyasi laini, haikanyagwi kwa ndara; hapo ni soksi tu, na ndipo soksi yenye tundu kwenye dole gumba inapowasalimu wote waliohudhuria. Akienda msalani anakuta ndara nyingine, za humo humo. Hata hilo analijua, kwao zipo. Lakini anarudi amezivaa, na ghafla kila mtu anaanza kutazama dari. Kuhusu kile kitambaa cha moto alicholetewa afutie mikono, yeye amekwisha kufutia uso, shingo, na alipoona hatazamwi, makwapa.

Atauliza mtu: na wasabi je? Si ujinga mtupu ule? Hata kidogo. Asiyejua kile kitu cha kijani kilichokaa pembeni ya samaki mbichi hukionja kwa ncha ya kijiti. Anayekichota chote ni yule aliyekwisha kuamua kwamba ni parachichi lililopondwa. Mbaya zaidi ni aliyeambiwa kuwa ni kikali, akacheka, kwa kuwa amelelewa na pilipili kichaa. Ukali wa pilipili hukaa ulimini na kuongezeka taratibu. Wa wasabi hugeuka mvuke, ukapanda puani, ukafika hadi katikati ya macho na kutoweka kabla mtu hajamaliza kuomba maji. Ubingwa wake wa pilipili haumsaidii kitu, maana vita vimehamia pua.

Wengine huwalaumu wenyeji: mbona hawasemi? Hawasemi kwa sababu kumkosoa mgeni mbele za watu ni kumvunjia heshima, na hilo sisi tunalielewa vizuri sana. Nani kwetu humwambia baba mkwe mbele ya wageni kwamba kanzu ameivaa ndani nje? Ukimya ule mgeni huudhania ruhusa. Anachomeka vijiti wima kwenye wali apumzishe mkono, kumbe hivyo ndivyo wali unavyowekewa maiti. Kisha, kwa upendo kabisa, anamkabidhi jirani kipande kitamu kutoka kijiti hadi kijiti, kwa kuwa kwao kupeana tonge ni mapenzi. Huku, ndugu wa marehemu hupokezana hivyo mifupa baada ya maiti kuchomwa. Vijiti vyenyewe sasa anavishika vizuri, tena kwa fahari.

Dawa, wanasema, ni kusoma kijitabu cha adabu kabla ya safari. Sina hakika. Msomaji wa kijitabu ni mjuaji aliyepewa cheti. Amesoma kwamba Wajapani huvuta tambi za soba kwa sauti bila kuona haya, basi anavuta kila kitu kwa sauti, hata tofu. Amesoma habari za kuinama, anamwinamia hadi mteja mwenzake anayetafuta viatu vyake.

Mtazame mtu huyohuyo mbele ya supu, iliyoletwa katika bakuli la mti lenye kifuniko. Supu ikianza kupoa, mvuke hupungua ndani na kifuniko hung'ang'ania. Asiyejua humwita mhudumu, naye hupiga magoti, akabana kingo za bakuli kidogo kwa vidole, hewa ikaingia, kifuniko kikaachia. Mjuaji, ambaye amefungua hotipoti maisha yake yote, huvuta kwa nguvu. Kisha anaanza kutafuta cha kufutia suruali, na kitambaa chake, kama tulivyoona, alikwisha kukimalizia makwapani.