Lita Mia za Heshima

Ukitaka kununua hita ya maji, swali la maana ni moja tu, nami nimezunguka maduka ya Kampala bila kulisikia: kwenu wanaoga watu wangapi, na saa ngapi? Maswali mengine yote nimeulizwa. Nyumba ni yako au umepanga? Vyumba vya kulala ni vingapi? Kazi unafanya wapi? Muuzaji mmoja pale Nakasero hakuuliza hata hayo. Alinitazama viatu, akapanda na macho hadi kwenye saa ya mkononi, kisha akanipeleka moja kwa moja kwenye hita ya lita 100.

Nikamwambia nafikiria ya lita 50. Bahati mbaya simu ikalia wakati huohuo, nami huweka spika, mke wangu akaniita kwa cheo changu. Mambo yakaharibika.

"Ssalongo!" muuzaji alipaza sauti hadi waliokuwa wakipimiwa misumari wakageuka. "Ssalongo mzima anaogea lita hamsini?"

Kwa msomaji wa mbali: hapa Buganda ukijaliwa mapacha unaitwa Ssalongo, mkeo Nnalongo, na kuanzia siku hiyo mtaa mzima unaona aibu ukionekana na kitu kidogo. Cheo nakipenda. Lakini tangu nipewe, hakijawahi kununua Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla, hata ya elfu moja.

Maana hesabu ndiyo hiyo. Maji yanayotoka bombani hapa ni ya nyuzi 22 hivi. Kuyapasha lita 100 hadi nyuzi 60 kunakula karibu uniti nne na nusu za umeme. Lita 50 ni nusu yake. Sisi wateja wa majumbani tumewekewa uniti 15 za kwanza za kila mwezi kwa bei ya huruma, shilingi 250 kila moja. Zikiisha, uniti moja inaruka hadi zaidi ya shilingi 700. Hita ya lita 100, ikipashwa mara moja tu kwa siku, inazilamba zile za huruma kabla ya siku ya nne kuisha, na bado hujawasha taa, hujapiga pasi, watoto hawajaangalia katuni.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba maji na umeme ni ndugu. Tangu 1954 maji ya Ziwa Viktoria yanazungusha mitambo pale Jinja, tunapata umeme. Maji mengine ya ziwa hilohilo yanavutwa kule Ggaba, yanasafishwa, yanasukumwa hadi kwangu Kisaasi. Ndugu hao wanakuja kukutana bafuni mwangu, nami nalipa nauli ya wote wawili.

"Lita hamsini zitakwisha na sabuni iko kichwani," muuzaji akanitisha. Hapana. Maji ya nyuzi 60 hayaogwi na binadamu, hayo ni ya kunyonyolea kuku. Unayachanganya na ya baridi mpaka yafike nyuzi 40, na lita 50 zinakuwa karibu 100 za kuogea. Anayeoga kwa beseni anatumia lita kumi na tano na kubakiza za kusuuza miguu. Anayeoga kwa shawa huku akiimba, huyo hakuna hita itakayomtosha. Dawa yake ni kugongewa mlango.

Nyumbani kwetu tuko wanne, na tunaoga wote ndani ya saa moja. Gari la shule linapiga honi saa kumi na moja na nusu alfajiri, maana likichelewa kidogo linakutana na foleni ya Ntinda, na foleni ya Ntinda haijali mtoto ana mtihani. Kwa hiyo kati ya saa kumi na nusu na honi hiyo, bafu halipumziki. Baada ya hapo hakuna anayetaka maji ya moto mpaka usiku. Hita ya lita 50 yenye nguvu ya wati 1,500 inakuwa tayari kwa saa moja na nusu. Unaiwasha saa tisa, unaizima wa mwisho akitoka. Hapo kwenye kuizima ndipo penye kazi. Swichi iko ukumbini, ina taa nyekundu inayoonekana hadi jikoni, na watu wanne wenye macho mazima hupita mbele yake kutwa bila kuiona.

Fundi naye alikuja na lake. Alisema hita zimepitwa na wakati, niweke shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakipita. Kweli haina tangi, wala haipashi maji yasiyotumika. Lakini ni ya wati 5,500, inavuta ampea 23, inataka waya wake mnene kutoka kwenye bodi. Fundi akataka kuiunga kwenye waya wa soketi. Akaumenya kwa meno, akasokota ncha mbili kwa vidole, akazungushia utepe mweusi, akaupiga kofi. "Huu ni wa nguvu, bosi." Ukaguzi ukawa umekwisha. Nikamwambia aurudishe ulivyokuwa. Nimepewa mapacha, sijapewa kikosi cha zimamoto.

Jirani yangu ameweka hita ya sola, na kila mgeni hupelekwa uani kuitazama. Simpingi, jua la hapa karibu na ikweta ni la bure na ni kali. Lakini yuko yeye na mkewe tu, watoto wamekwisha kujitegemea, na paa limebeba tangi la lita 300. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hizo ni sawa na mifuko sita ya saruji iliyolala juu ya mbao za mikaratusi. Zikija mvua za Aprili mawingu yanafunga siku nzima, basi anawasha kipasha cha umeme kilichomo humo, na kupasha lita 300 ni uniti 13 na ushee. Mtu mwenye jua la bure ndiye anayenililia kuhusu Yaka.

Na wote hawa, muuzaji, fundi na jirani, nikiwabana kwa hesabu wanakimbilia swali moja: "Na wageni je?" Kampala tunanunulia wageni kila kitu. Kochi ni la wageni, sahani za kabatini ni za wageni, sasa na hita. Basi mgeni akaja. Ssenga wa mke wangu, yaani shangazi yake, alitoka Masaka kuja kliniki, akaonyeshwa bafu, shawa, maji moto na maji baridi. Akatazama, akashukuru, akaomba beseni na jagi moja la maji ya moto. "Ssalongo," akaniambia, "hayo mengine waogeshee watoto."

Ndugu msomaji, usihesabu vyumba, wala usihesabu vyoo. Hesabu vichwa vinavyooga katika saa moja yenye msongamano, kila kichwa kipe lita 12 au 13 za tangi, ongeza kidogo kama una mwimbaji, ukanunue hiyo. Mgeni wa Krismasi mchemshie birika. Na anayeona hita yako inakushushia hadhi, mkaribishe aoge atakavyo, ila aje na pesa ya Yaka mkononi.