Jina Litakuja Doto

Usukumani mapacha hawachaguliwi majina. Atakayetangulia ni Kulwa, atakayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ni Shija, apende asipende. Mimi ni Doto. Kulwa alinitangulia kwa dakika chache tu, na mpaka leo anaidai heshima yake. Mama alitutofautisha kwa sauti ya kilio. Walimu wa shule ya msingi walitutofautisha kwa viraka vya kaptula, na walipochoka wakawa wanatuchapa wote wawili ili mwenye kosa asikosekane. Siku hizi kazi ya kututofautisha imeachiwa mashine, na mashine nazo zimefuata utaratibu wa walimu.

Benki moja hapa Mwanza, ambayo siitaji kwa kuwa bado inanishikia hela, ilinitumia ujumbe kwamba kila mteja ahakiki taarifa zake kupitia programu ya simu, la sivyo akaunti yake itasimamishwa. Ujumbe ulinikuta ndani ya daladala la Buhongwa, nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo ya sato na kijana mwenye spika. Weka uso ndani ya duara. Nikauweka. Geuka kulia. Nikageuka, nikatazamana na sato. Pepesa macho. Tabasamu. Mama wa watu alipoona mwanamume mzima amemgeukia, anapepesa macho na kutabasamu, alivuta ndoo yake karibu na magoti.

"Baba, mimi nina mume. Yuko Igoma, na ana hasira."

Sijapata nafasi ya kujieleza, simu ikatoa hukumu: uso huu umeshasajiliwa kwa mteja mwingine.

Huyo mteja mwingine ni Kulwa. Nikapiga huduma kwa wateja, nikapokewa na binti mwenye sauti ya asali. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniita mpendwa, kisha akasema mfumo unaonyesha kuwa nimeshahakikiwa. Nikamwambia aliyehakikiwa ni pacha wangu.

"Sawa kaka Doto. Una uthibitisho gani kwamba wewe siye yeye?"

Hapo nilinyamaza. Ukiambiwa uthibitishe kuwa wewe ni fulani, unatoa kitambulisho. Cheti cha kuthibitisha kwamba wewe si fulani kinatolewa na ofisi gani? Hata kampuni ya Apple, iliyoanza kufungua simu zake kwa uso mwaka 2017, imeandika wazi kwamba uwezekano wa mtu wa kupita njia kufungua simu yako kwa sura yake ni chini ya mmoja kati ya milioni moja, ila kwa mapacha na ndugu wanaofanana mambo ni mengine. Wenzetu wamekiri mapema. Huku kwetu, ambako kila ukoo una Kulwa na Doto wake, mfumo umeletwa kama ulivyo na binti wa sauti ya asali ameachiwa msala.

Najua mtaniambia kuna vidole. Ni kweli, mapacha hata wa yai moja hawalingani alama za vidole, maana mistari ile kila mtoto hujichorea yake akiwa bado tumboni. Kwa hiyo Mungu alituachia mimi na Kulwa sehemu ndogo tu ya kututenganisha, nayo ni ncha za vidole. Zangu zipo, kwa kuwa kazi yangu ni kuandika. Kulwa ni mvuvi wa Ukerewe. Amevuta kamba za nyavu usiku kucha, mwaka hadi mwaka, maji yakimla na kamba ikimla, na sasa ncha za vidole vyake zinang'aa kama mgongo wa kijiko.

Tulilijua hilo mwaka 2019. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1 mwaka ule, na mwisho ulipangwa uwe Desemba 31. Mnakumbuka foleni za namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Watu walihamia pale na vyakula, wengine walipata wachumba. Desemba 27 Rais Magufuli, akiwa kwao Chato, kwenye ziwa hilihili letu, alisajili laini yake na kuwaongezea wananchi siku 20, mpaka Januari 20, 2020. Kidole cha Rais kilisoma. Siku hizo za nyongeza ndizo zilizomkuta Kulwa Kirumba, chini ya mwavuli wa wakala, akipewa masharti yanayokaribia ya mganga. Nawa kwa sabuni. Paka limau. Futia suruali. Pumulia. Mashine ilikataa kidole kimoja baada ya kingine, mpaka wakala akamtazama miguu.

Hakuwa peke yake. Kuna akina mama wanaopasua kokoto kwenye vilima vya mji huu, na wazee waliopalilia pamba tangu utoto; vidole vyao vimefutwa na kazi. Ukiitazama vizuri mashine ile, inamtambua haraka zaidi mtu asiyefanya kazi.

Siku ya mwisho ilipokaribia, kesi ikapelekwa kwa mama. Mama akatoa hukumu kwa simu, tena kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: "Mlikaa tumbo moja miezi tisa hamkugombana. Laini ndiyo itawashinda?" Laini ya Kulwa ikasajiliwa kwa kidole changu. Kanuni zinasema kila mtu asajili ya kwake kwa jina lake, ni kweli, lakini waliotunga kanuni hawajawahi kubishana na mama yangu.

Sasa sikilizeni matokeo yake. Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kutumiwa ule ujumbe wa ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja fulani. Tumefundishwa kuuogopa, na ni sawa. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, katika taarifa zake imekuwa ikitaja Rukwa na Morogoro kuwa mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa aina hiyo, na watu wa huko wasio na hatia wamechoka kutaniwa. Basi Kulwa alikuwa na dagaa wake Mwaloni, pale Kirumba, magunia yamefungwa tayari. Mnunuzi ni mama mmoja wa Tunduma aliyeelekezwa kwake na mwenzake, hawajawahi kuonana. Kulwa akamwandikia kwa adabu zote: "Mama, shikamoo. Ile hela ya mzigo tuma kwenye namba hii, jina litakuja Doto Ng'wandu."

Majibu ya yule mama siwezi kuyachapa. Kwa kifupi alimwombea Kulwa radi, tena ya kiangazi.

Kulwa akanipigia nimtoe kwenye aibu. Nikampigia yule mama, nikajitambulisha: mimi ndiye Doto mwenye jina, mwenye dagaa ni ndugu yangu Kulwa. "Kumbe mko genge zima!" Tukaona dawa ni simu ya video. Akaniona mimi nikiwa Nyegezi, nyuma yangu kabati la vitabu. Tukakata, akapigiwa na Kulwa kutoka mwalo wa Nansio, nyuma yake mitumbwi na korongo wanagombea utumbo wa samaki. Mama akatulia kidogo, akasema, "Tapeli huyu ana mbio!"

Mzigo uliokolewa na mdogo wetu Shija, ambaye ni wakala Buzuruga na jina lake linakuja lenyewe.

Jina langu lina matatizo yake pia, hata nikiwa peke yangu. Fomu za mtandaoni hazipendi kile kimstari cha Ng'wandu. Ukikiandika, fomu inakuwa nyekundu na kusema alama haziruhusiwi. Ukikiacha, inasema jina halilingani na la kwenye kitambulisho. Cheti changu cha shule kinasema Mwandu, kwa sababu mwalimu wetu alitoka pwani na alisema hawezi kuanza neno kwa pua.

Haya yote tunayavumilia kwa kuwa tunaambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu. Vizuri. Njoo basi stendi ya Nyegezi ununue karanga. Nilizonunua mimi zilifungwa kwenye karatasi nzuri, nyeupe, na nilipoikunjua nikakuta kivuli cha kitambulisho cha dada mmoja, na ubavuni mwake fomu ya maombi ya mkopo. Majina matatu, namba ya simu, kata anayoishi, jina la mdhamini, sahihi. Umri wake sikuhitaji kuuliza, maana namba ya NIDA ina tarakimu 20 na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Dada huyo bila shaka aliambiwa afanye hima alete kopi, ikagongwa mhuri, ikafungiwa faili, faili likajaa, likauzwa kwa kilo. Nilikula karanga nikiwa najua mambo yake kuliko shemeji zake wanavyoyajua. Karatasi niliichana vipande vidogo.

Shangazi yangu mmoja amekuwa na miaka 45 tangu enzi za Mzee Mkapa. Hajawahi kuitaja namba yake ya NIDA mbele ya watu, hata kwenye vikao vya ukoo anaiandika kwa kuficha na kiganja. Tulikuwa tunamcheka. Kumbe ndiye pekee kati yetu anayelinda taarifa binafsi.

Wengine wote tunazigawa. Mwenye nyumba anataka picha ya kitambulisho kwa WhatsApp. Steshenari inabaki na nakala kwenye kompyuta yake pamoja na za mtaa mzima. Daftari la gesti linataka jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na linakaa wazi mapokezi kila mgeni ajisomee. Nansio nililisoma la gesti moja wakati nasubiri chenji, nikamkuta humo jirani yangu aliyeaga nyumbani kwamba anakwenda semina Dodoma.

Wa mikopo ya mtandaoni ndio waliotia fora. Unapiga selfi ukiwa umeshika kitambulisho, unaruhusu programu isome majina yote kwenye simu yako, na ukichelewa siku chache majina hayo yote yanatumiwa deni lako. Mimi nimewahi kudaiwa mkopo wa fundi aliyenichongea mlango. Picha yake ilikuja na kitambulisho chake na maneno ya kunitaka nimshauri ndugu yangu awe mwaminifu. Mlango wenyewe, kwa taarifa yao, alinitengenezea vizuri. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Tangazo lilifanya kazi yake. Picha ya fundi iko bado kwenye simu za wateja wake wote.

Nairobi walifika kwenye macho. Katikati ya mwaka 2023 watu walipanga foleni KICC kupigwa picha ya mboni na chombo cha mradi wa Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi za Kenya kama 7,000. Serikali ikaisimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zile zifutwe. Namba ya siri ikivuja unaibadili jioni hiyohiyo. Mboni utaibadili kwa nani?

Nasi sheria tunayo, tena nzuri. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Anayechukua taarifa zako anapaswa kukwambia anazichukua kwa kazi gani. Nikaona niijaribu. Kwenye geti la jengo moja la ofisi mlinzi aliniomba kitambulisho akiweke ndani ya boksi la viatu pamoja na vya wenzangu. Nikamuuliza kwa upole, taarifa zangu zitatumika kwa kazi gani?

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Mzee, wewe mwandishi wa habari?"

"Ndiyo."

"Una kitambulisho?"

Kisha kuna yule kijana aliyenipigia akisema ni wa mtandao wa simu. Aliniita kwa majina yangu matatu, na Ng'wandu aliitamka barabara, pua na kila kitu. Akaniuliza Ukerewe wanasemaje, Kulwa hajambo, mama amepona mguu? Halafu akaniomba nimtajie zile namba zitakazoingia kwenye simu yangu sasa hivi, kwa ajili ya uhakiki. Nikamwambia nitamtajia akishanithibitishia yeye ni nani: kidole, uso, jina la mama, chochote atakachoona kinafaa. Akakata.

Mpaka leo benki inashikilia kuwa mimi ni Kulwa. Kati ya wote waliowahi kunihakiki, tapeli peke yake ndiye aliyenipatia mara ya kwanza, bila kunigeuza shingo, na aliyenihifadhia taarifa zote hizo kwa usahihi namna ile lazima alizipata kwa mtu aliyenigongea mhuri. Tunaombwa vidole, sura na mboni na watu ambao hawajatuonyesha hata kabati wanakozifungia. Huo si uhakiki. Ni ukusanyaji.

Msomaji, kabla hujaliweka gazeti hili chini, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mimi nilipopiga nilikuta zangu, nikakuta ya Kulwa, nikakuta na moja ambayo ukoo mzima hauijui. Wapo mawakala wanaokwambia kidole hakijasoma, rudia, kumbe cha kwanza kilisoma na cha pili kinamsajilia mtu mwingine. Ukiikuta ya namna hiyo, chukua kitambulisho uende duka la mtandao husika ikafutwe leo hii, usingoje kesho. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Na karanga, nunua kwa anayefungia gazeti.