Saba, Sita, Tano… Hadi Mlangoni kwa Malkia

Mvua ya masika ikishaingia Kipkelion, kati ya Machi na Mei, udongo unalowa mpaka chini na sisimizi wanafurikiwa kwao. Watahamia wapi? Kwako. Kwako kuna joto la jiko, sakafu kavu, na ile chai ambayo eneo hili lote hushirikiana kuipika: majani kutoka vilimani, maziwa kutoka zizini, sukari ya miwa kutoka mabondeni Muhoroni na Chemelil. Mgeni gani mwenye akili angeupita mlango kama huo?

Tunahesabu kurudi nyuma, tukianza na mbinu inayosaidia kidogo kabisa hadi ile inayomaliza kazi. Mwenye haraka aruke hadi mwisho, ila asije akasema hakuambiwa kuhusu namba mbili.

7. Kukanyaga

Mguu unaridhika, malkia hana habari. Wale unaowaona mezani ni vibarua waliotumwa sokoni, sehemu ndogo tu ya ukoo. Wengine wamebaki nyumbani wakilea watoto, na kesho watatumwa wao.

6. Dawa ya kupulizia

Najua, iko pale juu ya kabati, na mkono unawasha. Dawa nyingi za aina hii zina sumu ya pareto, ua tunalolijua vizuri sisi wa nyanda za juu, au sumu za viwandani zilizoigwa kutoka kwake. Zinaua, tena papo hapo, na hapo ndipo penye shida. Aliyekufa mezani hapeleki kitu nyumbani. Malkia yuko ndani ya ukuta au chini ya udongo akitaga mayai, na harufu ya dawa haijamfikia.

Kibaya zaidi, kuna sisimizi wadogo wa rangi ya manjano, wale ambao wanasayansi wamewapa jina la Firauni, ambao husumbua hata wodi za hospitali sehemu nyingi za dunia. Hao huwa na malkia wengi katika kiota kimoja. Ukiwapulizia wanagawanyika, kila kundi linaondoka na malkia wake na kujenga kwingine. Ulianza na kijiji kimoja, sasa una kaunti nzima.

5. Kopo la maji chini ya miguu ya meza

Hii ni elimu ya kogo, yaani bibi, na naiheshimu. Kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji, kibuyu cha maziwa ya mursik juu, na hakuna sisimizi atakayepanda. Tone la sabuni kwenye maji huifanya kazi iwe bora zaidi, kwa kuwa maji matupu yana ngozi juu ambayo mdudu mwepesi anaweza kuikanyaga asizame. Badilisha maji kabla mbu hawajazaa humo. Majivu nayo huwazuia kwa muda, yakiwa makavu. Mafuta ya taa tafadhali yaache kando, hasa nyumba yenye jiko la kuni.

Kopo linalinda chakula chako vizuri sana. Kiota, hata hivyo, kinaendelea na maisha yake.

4. Wakiwa siafu, toka wewe

Hapa hesabu yote inasimama. Siafu hawana kiota cha kudumu cha kutafutwa. Ukoo mzima husafiri, malkia wao akiwa katikati ya msafara. Toa watoto nje, mtoto mchanga kwanza. Fungua ndama aliyefungwa, fungua mbwa, hamisha kuku, hasa yule anayelalia mayai. Kisha waachie nyumba. Watapekua kila ufa na kuondoka na mende na kunguni, na panya atakayezubaa ataliwa. Hakuna fundi wa usafi atakayekufanyia kazi hiyo bure.

3. Funga sukari

Mkebe wenye kifuniko kinachobana. Chai iliyomwagika ifutwe sasa hivi. Sahani ya mbwa isilale na chakula. Basi.

2. Futa njia kwa maji ya sabuni

Sisimizi aliyepata chakula huacha alama ya harufu sakafuni anaporudi nyumbani, wenzake wanaifuata, na kila apitaye anaiongezea nguvu. Ndiyo maana wanakwenda kwa mstari. Maji ya sabuni au siki huiondoa harufu hiyo, nao wanapotea njia.

Lakini sikiliza vizuri: namba mbili ije baada ya namba moja! Wengi wetu, kwa kupenda usafi, tunakimbilia kitambaa. Kitambaa kikitangulia, umejifutia ramani pekee uliyokuwa nayo.

1. Wafuate nyuma hadi kwao

Usiangalie wanakokwenda, kwenye sukari. Angalia wanakorudi. Jioni, weka tone la maji ya sukari juu ya kipande cha karatasi karibu na mstari wao, uwape muda washibe. Aliyeshiba tumbo humvimba na kung'aa, naye harandirandi, anakwenda nyumbani moja kwa moja. Chukua tochi, mfuate huyo.

Atakupitisha kwenye fremu ya mlango, tundu la bomba, soketi ya umeme, au ule ufa ambapo sakafu ya sementi imeachana na ukuta. Usiishie hapo, hilo ni lango tu. Toka nje, uchunguze upande wa pili wa ukuta huo huo. Inua mawe. Sogeza kuni zilizoegemezwa nyumbani. Tazama tawi la mwavokado lililolalia mabati, kwa kuwa hilo ni daraja, na likatwe. Kisha geuza majani ya sukuma wiki iliyo karibu na dirisha. Ukikuta vidukari, umekuta shamba lao la mifugo. Sisimizi huwalinda vidukari dhidi ya maadui ili wanywe utamu wanaoutoa. Waoshe vidukari kwa maji ya sabuni, na sababu moja ya wao kukaa kwako itakuwa imeondoka.

Kiota kikiwa kwenye udongo ulio wazi, mbali na mizizi ya mimea na miguu ya watoto, mimina polepole maji yanayochemka, urudie kesho yake, maana vyumba vya chini ni vya kina.

Kikiwa ndani ya ukuta, tumia tumbo lao wenyewe. Sisimizi mzima hawezi kumeza chakula kigumu. Hubeba kimiminika tumboni na kuwalisha wenzake mdomo kwa mdomo, hadi kwa malkia. Changanya kijiko kidogo kimoja na nusu cha boraksi, nusu kikombe cha sukari na kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu. Lowesha pamba, uiweke kwenye kifuniko kando ya njia yao, mahali ambapo mtoto wala mnyama hafiki. Usizidishe boraksi. Ikiwa kali, kibarua atafia njiani. Siku ya kwanza watajaa kuliko jana. Shangilia, usipulizie chochote, waache wabebe. Kazi huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili.

Subira hiyo inalipa, kwa sababu malkia ni kila kitu. Malkia mmoja wa sisimizi weusi wa Ulaya, aliyefugwa maabara, aliishi zaidi ya miaka 28. Na mwaka 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Naivasha na malkia wapatao 5,000 ndani ya vichupa, wakatozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka malkia, maana kwa malkia mmoja mtu anaanzisha ukoo mzima.

Mstari ukikatika kabisa, ziba ufa: sementi na mchanga kwa nyumba ya mawe, udongo na kinyesi cha ng'ombe kwa nyumba ya matope. Sasa ndiyo ruhusa, chukua kitambaa, urudi namba mbili.