Mpwa Wangu Ananimalizia Maandazi

Ukiletewa mpwa anayesoma uchumi chuoni, fungia maandazi kabatini. Wangu nimempa chumba, nimempa neti, ubwabwa wangu anakula. Shukrani yake ni kunigeuza somo.

Nipo zangu kwa Mangi, maandazi manne ya moto kwenye gazeti. Chai sina, hela imeishia hapo. Dogo akajichomeka kwenye benchi na kikombe chake. "Anko, chai hii utanipa maandazi mangapi?" Koo limekauka, nikatoa mawili. Akaagiza kikombe cha pili. Nikatoa moja. Akaja na cha tatu. Wee! Tumbo linacheza chai tupu, andazi limebaki moja, silitoi hata kipande.

"Umeona Anko? Chai ikizidi na maandazi yakipungua, andazi linapanda thamani kwako." Nimeona. Nimeona matatu yangu yakitafunwa.

Eti kanuni hiyo waliinyoosha Waingereza wawili, John Hicks na Roy Allen, mwaka 1934. Hicks akaja kupewa Nobel ya uchumi, 1972. Mimi niliyetoa maandazi sijapewa hata tishu.

Dogo hakukoma. Kwa Mangi chai ni 400, andazi 200, yaani chai moja maandazi mawili. Moyoni mwangu chai ya tatu haifiki hata andazi moja. "Kwa hiyo Anko, usinunue chai tena." Kwani nilikuwa na hela? Kumbe na mfuko nao wachumi wanauchorea mstari. Akachukua kalamu ya Mangi, akauchora wangu kwenye gazeti lenye mafuta. Kafupi! Benchi zima likasogea kukaangalia.

Nikadhani yameisha. Akatazama miguu yangu. Jamani, kuna mtu tulipishana msibani, akaondoka na kandambili yangu ya kulia, akaniachia yake ya kushoto. Natembea na kushoto mbili, na nilikuwa nimeshazoea, hakuna aliyeuliza. Dogo akapaza sauti: ya kushoto na ya kulia haziwezi kuzibiana pengo, zinakwenda pamoja, hata ukirundika za kushoto mia, bila ya kulia faida ni sifuri. Watu wazima wakainama chini ya benchi kuhakiki.

Sasa wewe uliyeondoka na ya bluu, namba 9, yako ya kijani ninayo. Njoo kwa Mangi tubadilishane, moja kwa moja. Usije na msomi.